Mbegu Ipi ya Mahindi Inalipa Fosforasi? Mwongozo Kamili wa Kujaribu Mwenyewe Shambani, Mwanza na Kandokando ya Ziwa Victoria

Pita Misungwi au Magu wiki tatu au nne baada ya mvua za vuli kushika. Utakuta mahindi ambayo majani yake ya chini yamegeuka zambarau, kuanzia nchani na pembezoni, na miche imedumaa. Shamba la jirani limepandwa mbegu nyingine, udongo kwa macho ni uleule, na mahindi yake ni kijani kibichi. Wengi wetu hapo hapo tunatoa hukumu: mbegu ile mbovu, hii nzuri. Mimi nilihukumu hivyo kwa misimu mingi, nikabadilisha mbegu mwaka hadi mwaka na kupoteza fedha bila kujua nilichokuwa nakitafuta.

Rangi ile mara nyingi ni njaa ya fosforasi, na kila mbegu huibeba njaa hiyo kwa namna yake. Mkulima anayetaka kununua mbegu na mbolea kwa akili anahitaji kujua mambo mawili: mbegu hii inazaa kiasi gani udongo ukiwa na fosforasi haba, na ikiongezewa inapanda kwa kiasi gani. Jibu la swali la kwanza halikupi jibu la pili. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Kwa kipande kisichofika sehemu ya saba ya ekari, kamba, mizani na kilo mbili na kitu za TSP (mbolea ya fosforasi isiyo na nitrojeni), unaweza kupata majibu yote mawili kwenye udongo wako mwenyewe.

Kwanza, kwa nini mbegu hutofautiana

Nitrojeni huyeyuka na kutembea na maji, mara nyingi hadi kwenye mzizi. Fosforasi hushikana na chembe za udongo na husogea milimita chache tu, kwa hiyo mzizi ndio unaoifuata. Mbegu inayotandaza mizizi mingi kwenye tabaka la juu inaipata zaidi, kwa sababu fosforasi nyingi imekaa huko juu, mahali samadi, majani yaliyooza na mbolea vinapoangukia. Kuna mbegu zenye vinyweleo virefu na vingi vya mizizi. Kuna zinazoshirikiana vizuri na ukungu rafiki wa udongoni, ambao nyuzi zake hufika mahali mzizi haufiki. Na mizizi mingine hutoa asidi zinazolegeza fosforasi iliyokamatwa.

Baada ya kuipata, kuna suala la kuitumia. Mmea wenye njaa hutoa fosforasi kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwenye majani machanga, ndiyo sababu dalili huanzia chini. Mbegu nyingine hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, zikatoa punje nyingi kwa fosforasi kidogo.

Kisha kuna uroho wa mavuno. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na fosforasi ya takribani kilo 3. Mbegu chotara yenye uwezo wa kuzaa tani nyingi inahitaji kiasi kikubwa zaidi, na ikikosa, pengo lake huonekana wazi kuliko la mbegu ya mavuno madogo. Hapo ndipo watu husema chotara "inakula mbolea".

Jambo moja linatugusa sana sisi wa kanda ya ziwa. Mizizi ya juu inasaidia kwenye fosforasi, lakini jua likikausha tabaka la juu, maji yako chini. Mvua zetu zina vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei, na katikati kuna kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Mbegu inayong'ara kwenye njaa ya fosforasi inaweza kuyumba kwenye kiangazi hicho. Na kinyume chake pia kipo: mahindi yenye njaa ya fosforasi huchelewa kutoa ndevu, na kuchelewa kwa siku chache tu kunatosha kuyaingiza kwenye ukame wakati yanapounda punje. Hasara ambayo wengi huitupia mvua huwa ilianzia kwenye shimo la kupandia.

Hatua ya kwanza: ujue udongo wako

Wasukuma wamekuwa na majina ya udongo tangu zamani, nami nashauri uanze na majina hayo kabla ya maabara. Juu, karibu na mawe ya granaiti, kuna luseni, udongo wa kichanga usioshika rutuba. Ukiteremka unakuta itogolo, mgumu, wenye tabaka linalozuia maji. Kuelekea bondeni kuna ibushi, wenye chokaa, na mwisho mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Ndani ya mteremko mmoja wa mita mia chache unaweza kupita aina zote hizo. Kwenye udongo wenye asidi, chini ya pH 5.5, fosforasi hukamatwa na chuma na aluminiamu. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi hukamatwa na kalsiamu. Kwa hiyo mbegu iliyofanya vizuri kwenye luseni ya kaka yako inaweza kukuangusha kwenye ibushi yako.

Chagua sehemu moja yenye udongo wa aina moja. Kisha uliza historia yake, tena uwaulize wazee, maana wao wanakumbuka. Zizi lilikuwa wapi? Nyumba ya zamani? Jalala la majivu? Kwenye matongo, yaani mahame ya kaya za zamani, samadi na majivu ya miaka mingi vimeacha fosforasi tele, na mahindi pale hayatajibu mbolea hata kidogo. Jaribio langu moja liliharibika kwa sababu hiyo. Ploti mbili zilizokuwa hazina mbolea zilizizidi zile zenye mbolea, nami nikashangaa, hadi mama mmoja jirani akaniambia ng'ombe wa baba yake walilala pale kabla sijazaliwa. Epuka pia vichuguu, kivuli cha miembe na njia za ng'ombe.

Ukiweza, pima udongo. Chukua kwa jembe udongo wa sentimita 20 za juu kutoka sehemu kama 15, ukitembea kwa kupinda pinda. Uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki isiyowahi kubeba mbolea, uanike kivulini, upeleke nusu kilo. Mwone bwana shamba au uulize kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, Misungwi, ambacho kimekuwa kikifanya utafiti Usukumani tangu miaka ya 1930. Ukipewa majibu, uliza njia iliyotumika kupima fosforasi. Zipo njia kadhaa, kila moja na kipimo chake cha "haba" na "ya kutosha", na namba ya njia moja haisomwi kwa kipimo cha nyingine.

Hatua ya pili: chagua mbegu nne

Nne zinatosha. Zikizidi, kazi itakuelemea na utaanza kukisia vipimo. Weka mbegu unayoipanda siku zote, hiyo ndiyo ya kulinganishia. Ongeza chotara moja au mbili zinazouzwa madukani kwenu, kwa mfano SC403 inayowahi kukomaa, au DK8031. Ya nne iwe ya uchavushaji huria, zile unazoweza kurudia mbegu zake, kama Staha, TMV-1 au Situka M1.

Sharti langu moja hapa silegezi: zote ziwe mbegu halali za msimu huu, zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, zilizofungwa. Punje kubwa iliyojaa hubeba fosforasi yake ya kuanzia, ambayo huulisha mche siku za mwanzo, kwa hiyo ukilinganisha mbegu mpya ya dukani na punje ndogo za ghalani umeshapendelea. Na usichukue punje zilizovunwa kwenye chotara. Kizazi cha pili hutawanyika, kila mmea na tabia yake, na jina la mfuko halina maana tena.

Hatua ya tatu: mbolea, na mtego wa DAP

Hapa ndipo majaribio mengi ya wakulima huharibika, nami naomba uisome polepole.

Mtu huweka DAP upande mmoja, upande mwingine haweki kitu, halafu anasema amepima fosforasi. Hakupima. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti, ambazo ni sawa na kilo 10 za fosforasi yenyewe. Mahindi yakinenepa hujui yamenenepeshwa na ipi. Kwenye luseni yetu, ambako nitrojeni nayo ni haba, kosa hili linakupa jibu la uongo kabisa.

Tumia TSP. Ina fosfeti asilimia 46 kama DAP, lakini haina nitrojeni. Ukiikosa, tumia DAP na usawazishe: kila ploti inayopata gramu 180 za DAP imepata ndani yake gramu 32 hivi za nitrojeni, basi ploti zisizo na DAP zipe gramu 70 za urea. Hiyo urea usiitie kwenye shimo la mbegu, itaunguza. Iweke pembeni mara tu miche inapotokeza, kisha ifukie.

Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mawe ya fosfeti ya kule Manyara, ina nafasi yake kwenye udongo wenye asidi. Lakini mawe yaliyosagwa huachia fosforasi taratibu. Kwa jaribio la msimu mmoja anza na TSP.

Kiwango ninachopendekeza ni kilo 20 za fosforasi kwa hekta, ambazo ni kilo 8 kwa ekari, yaani kilo 40 za TSP kwa ekari. Viwango ni viwili tu, sifuri na hicho. Ukishajua mbegu ipi inajibu, msimu mwingine ndipo ujaribu nusu yake na mara mbili yake kwa mbegu hiyo peke yake.

Hatua ya nne: kugawa ploti

Ploti moja ina mistari minne ya urefu wa mita 6. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kwa shimo. Hiyo ni mashimo 80, eneo la mita 3 kwa 6.

Panga marudio matatu. Kila rudio ni ukanda mmoja unaokatiza mteremko, ukiwa na ploti nane: nne upande wenye fosforasi, nne upande usio nayo, na kati ya pande hizo njia ya mita moja na nusu. Pande zigawanywe ili jembe na miguu visibebe mbolea kutoka ploti hadi ploti. Mistari ifuate kontua, yaani ikatize mteremko. Rudio la kwanza likae juu, la pili katikati, la tatu chini, na kati yake acha mita moja, uchimbe mfereji mdogo au uinue tuta, maji ya mvua yasishuke na mbolea ya wa juu kwenda kwa wa chini. Jumla unapata ukanda wa mita 50 kwa 11 hivi.

Upande upi upate mbolea, na mbegu ipi ikae wapi, usiamue kwa mkono wako. Mkono hupendelea, utajikuta unaiweka mbegu uipendayo mahali pazuri. Andika majina kwenye vikaratasi, vitie kwenye kopo, vuta. Rudia kwa kila rudio upya. Kisha chora ramani kwenye daftari siku hiyo hiyo, na weka kigingi chenye namba kwenye kila ploti. Vigingi huchomolewa na watoto au mbuzi, ramani ndiyo itakayokuokoa.

Hatua ya tano: kupanda

Subiri mvua za kweli, zilizolowesha udongo hadi kina cha shibiri. Panda ploti zote siku moja. Ukishindwa, maliza angalau rudio zima kabla ya kulala, usiache rudio nusu.

Pima gramu 180 za TSP kwa kila ploti yenye fosforasi. Kwa mashimo 80 ni gramu 2 na robo kwa shimo, takribani nusu ya kizibo cha soda. Lakini vizibo hutofautiana na mikono hutofautiana, kwa hiyo jaza kizibo kwa kiwango chako mara ishirini, pima kwenye mizani ya jikoni, gawa kwa ishirini. Ploti 12 zitakula kilo 2 na gramu 160. Mtu mmoja ndiye aweke mbolea kwenye ploti zote.

Chimba shimo la sentimita 10, weka mbolea, funika kwa udongo wa sentimita 5, kisha weka punje mbili na ufukie. Mbolea iwe chini ya mbegu au pembeni kidogo, isigusane nayo. Usiimwage juu ya ardhi: fosforasi haitazama, na mvua kubwa itaiondoa pamoja na udongo. Ploti zisizo na mbolea zichimbwe na kufukiwa vilevile, kwa kina kilekile. Anayeweka mbolea anawe mikono kabla ya kuvuka upande.

Wiki mbili baadaye punguza miche, ubaki mmoja kwa shimo. Ng'oa ule dhaifu katika kila shimo, kwa kanuni hiyohiyo kila ploti.

Hatua ya sita: matunzo sawasawa

Ploti zote, zenye fosforasi na zisizo nayo, zipate nitrojeni ya kutosha, la sivyo mahindi yatakwama kwa njaa nyingine na fosforasi haitaonekana kazi yake. Kiasi ni gramu 120 za urea kwa ploti wiki ya tatu na gramu 120 nyingine wiki ya sita, gramu moja na nusu kwa mmea, udongo ukiwa na unyevu, ifukiwe. Ni kama kilo 25 za nitrojeni kwa ekari.

Palilia ploti zote siku moja. Kagua kiwavijeshi vamizi, ambaye yuko nchini tangu 2017, ukichungulia ndani ya majani ya katikati mara mbili kwa wiki. Ukinyunyizia dawa, nyunyizia zote. Na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Kwenye udongo uliochoka kiduha huwa kingi, tena hakisambai sawasawa, kwa hiyo hesabu mashina yake katika kila ploti na uandike, halafu ung'oe kabla hakijatoa maua. Ploti ikivamiwa peke yake, utajua mavuno yake yalipungua kwa nini.

Hatua ya saba: nini cha kuangalia, na lini

Wiki ya nne, hesabu mimea yenye zambarau katika mistari miwili ya kati. Usihukumu kwa rangi hii. Zipo mbegu ambazo zambarau imo katika damu yake na hutokea hata fosforasi ikiwepo. Baridi na maji yaliyotuama huileta pia. Zipo nyingine zinazokaa kijani huku zimedumaa. Ndiyo sababu unalinganisha mbegu na yenyewe: zambarau yake upande huu na upande ule.

Wiki ya sita pima urefu wa mimea kumi ya mistari ya kati, toka ardhini hadi jani la juu kabisa ukilinyoosha.

Kisha jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko yote kabla ya mavuno: siku ya kutoa ndevu. Pita kila asubuhi, andika tarehe ambayo nusu ya mimea ya mistari ya kati imetoa ndevu. Mbegu ikichelewa siku saba bila fosforasi, na nyingine ikichelewa siku mbili tu, umepata habari kubwa kwa msimu wa vuli, hata kama mwaka huu mvua ilikuwa na huruma na mavuno yakakaribiana. Mwaka ambao Januari itakuwa kavu, siku hizo tano ndizo zitakazoamua.

Hatua ya nane: kuvuna na kupima

Vuna mistari miwili ya kati peke yake. Kwenye kila mstari acha mmea wa kwanza na wa mwisho, ubaki na mimea 18. Eneo lake ni mita za mraba 8.1, na namba hii nimeichagua makusudi: kilo za punje utakazopata, zizidishe kwa 500, unapata kilo kwa ekari moja. Hesabu kwanza mimea na magunzi. Ploti ikipoteza mimea mingi kwa panya au mbuzi, iandike hivyo, usiijazie kwa makisio.

Kila ploti na mfuko wake, na karatasi yenye namba ndani ya mfuko, si nje. Anika zote kwenye turubai siku zilezile, pukuchua, pima. Ukiwa na kipima unyevu, rekebisha hadi asilimia 13: zidisha uzito kwa mia kutoa unyevu uliousoma, kisha gawa kwa 87. Kilo 3 zenye unyevu wa asilimia 18 zinakuwa kilo 2.83. Ukikosa kipima, chukua chupa kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa, uiache dakika kumi na tano. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, endelea kuanika. Mbegu zinazochelewa kukomaa huvunwa na maji mengi zaidi, na ukizipima mapema zitakudanganya kwa uzito wa maji.

Hatua ya tisa: kusoma majibu

Tuseme, kwa mfano tu, wastani wa marudio matatu umetoka hivi. Mbegu A: kilo 2.0 bila fosforasi, 2.4 ikiwa nayo. Mbegu B: 1.0 na 2.0. Mbegu C: 1.6 na 3.0. Kwa ekari, A inatoka 1,000 kwenda 1,200, B inatoka 500 kwenda 1,000, C inatoka 800 kwenda 1,500.

Ukiuliza "ipi imejibu zaidi?" kwa asilimia, B imeongezeka maradufu na kuzishinda zote. Mwenye duka atakusifia B. Lakini angalia tena: B yenye mbolea imefikia tu mahali A ilipokuwa bila mbolea. Ongezeko lake kubwa limetokana na udhaifu wake ikiwa na njaa. Hii ndiyo sababu nakataa ongezeko peke yake lisimame kama sifa ya mbegu. Andika namba zote mbili, kando kwa kando, kila mara.

A ni mvumilivu: ina mavuno makubwa bila fosforasi, na ikipewa huongeza kidogo. Kwa mama anayelima ekari moja na hana hakika ya kupata mbolea mwaka huu, A ndiyo mbegu. C inazaa vizuri kiasi kwenye njaa, na ikilishwa inapanda sana. Kwa mwenye uwezo wa kununua mbolea kila msimu, achukue C. Kwa udongo huu B haina wa kumfaa.

Sasa fedha. Bei za mbolea na mahindi hupanda na kushuka, kwa hiyo hesabu kwa kilo za mahindi. Kilo 40 za TSP pamoja na nauli zinalingana na bei ya kilo ngapi za mahindi siku za mavuno? Tuseme 150. Mimi sitoi fedha yangu kwenye mbolea mpaka ongezeko lifike mara mbili ya gharama, maana mvua ikigoma ile hasara ni yangu, na watoto wangu wanakula shamba hilohilo. Mara mbili ni kilo 300. A imeongeza 200, haijafika. C imeongeza 700. Gawa pia ongezeko kwa kilo 8 za fosforasi: A imelipa kilo 25 za mahindi kwa kila kilo ya fosforasi, C imelipa 87 na nusu. Kama umejiandikisha kwenye mbolea ya ruzuku, fanya hesabu kwa bei ya ruzuku na bei ya kawaida, zote mbili, ujue utasimama wapi ruzuku ikikukosa.

Kabla hujaamini wastani, rudi kwenye marudio. Je, C iliizidi A katika marudio yote matatu? Ikiwa ndiyo, una ushahidi mzuri. Ikiwa mawili tu, rudia msimu mwingine kabla hujanunua mifuko kumi. Ikiwa tofauti kati ya ploti mbili za mbegu ileile, zenye mbolea ileile, ni kubwa kuliko tofauti kati ya mbegu na mbegu, basi uliona tofauti ya udongo, na hilo nalo lakuambia kipande hicho hakifai kwa jaribio.

Ikitokea hakuna mbegu iliyojibu, tazama mambo matatu: udongo una fosforasi ya kutosha tayari, au asidi ni kali kiasi kwamba mbolea yote imekamatwa, au kitu kingine ndicho kilichobana, mara nyingi nitrojeni au maji. Majibu ya udongo yatakuambia ni lipi. Kama fosforasi ipo, usiongeze. Tunaolima karibu na maji tuna deni la ziada hapa. Fosforasi inayobebwa na udongo unaomomonyoka ndiyo chakula cha mwani na magugu maji ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisiguswe na shughuli za kudumu. Panda majani ukanda huo, ng'ombe wako watakatiwa humo.

Msimu unaofuata

Usiving'oe vigingi. Mazao ya msimu wa kwanza huwa yamechukua sehemu ndogo ya fosforasi uliyoweka, kwa kawaida isiyozidi robo, na iliyobaki inaendelea kutolewa kidogo kidogo. Panda mbegu zilezile kwenye ploti zilezile, safari hii bila TSP popote, nitrojeni kama kawaida. Kinachoongezeka upande uliokuwa na mbolea ni malipo ya mwaka jana, kijumlishe kwenye hesabu ya mwaka jana. Huenda A, iliyoshindwa kufika kilo 300 msimu wa kwanza, ikafika kwa misimu miwili.

Kama ulianza vuli, jaribio hilo la pili ulipande masika, Machi. Andika mvua kila inaponyesha, hata kwa kopo la bati lenye mdomo na kitako vyenye upana mmoja, lililosimamishwa uwanjani mbali na miti na kupimwa kwa rula kila asubuhi, kwa sababu ukija kulinganisha vuli na masika utahitaji kujua mahindi yalikunywa nini.